Anayeamua Asishike Funguo Zote

Hotuba ya mgeni rasmi katika harambee ya mwaka



Nimeombwa niseme machache kabla kapu halijapita. Mimi ni mtu wa sheria, kwa hiyo nitawaeleza habari za jaji mmoja.

Mheshimiwa Mohamed Chande Othman alikuwa mwendesha mashtaka katika Mahakama ya Kimataifa ya Mauaji ya Kimbari ya Rwanda, iliyokuwa Arusha, kisha akafanya kazi hiyo Timor ya Mashariki. Mwaka 2004 aliteuliwa Jaji wa Mahakama Kuu, mwaka 2008 Mahakama ya Rufani, na mwishoni mwa 2010 akawa Jaji Mkuu.

Hapo kazi ikabadilika. Jaji hushughulika na kesi iliyo mezani. Jaji Mkuu huongoza mhimili mzima. Paa la Mahakama ya Mwanzo likivuja, hakimu akikosa nyumba, karani akikosa karatasi, mwananchi hucheleweshewa haki hata kama sheria ni nzuri.

Katika uongozi wake ilianza kutumika Sheria ya Usimamizi wa Mahakama, Na. 4 ya mwaka 2011. Zamani Msajili, ambaye ni mwanasheria, alibeba mambo ya kesi na pia ya fedha. Sheria hiyo ilileta Mtendaji Mkuu wa Mahakama awe Afisa Masuuli, ikaanzisha na Mfuko wa Mahakama. Majaji na mahakimu waamue kesi. Fedha, majengo na magari viwe na msimamizi wake, anayetoa hesabu.

Jaji Chande alistaafu mwaka 2017. Mwaka 2023 Rais alimwita tena kuongoza Tume ya kuangalia Haki Jinai. Mtu aliyefanya kazi kwa utaratibu hasahauliki.

Ndugu zangu, kwa nini nayasema haya kwenye harambee ya bweni la wasichana? Kwa sababu kila mwaka swali ni lile lile: fedha za mwaka jana zilifanya nini? Swali hilo lisipojibiwa, mwakani viti hivi vitakuwa vitupu, na watoto wetu wataendelea kupanga vyumba mitaani.

Napendekeza mambo matatu. Kamati iamue miradi, lakini fedha zitunzwe na mhasibu asiye mjumbe wa kamati. Kila mchango upewe risiti, hata wa shilingi elfu mbili. Taarifa ya mapato na matumizi ibandikwe kwenye ofisi za kata kila baada ya miezi mitatu.

Wapo watakaosema: sisi ni ndugu, ya nini kutiliana shaka? Wachimbaji mtanisaidia kujibu. Dhahabu ikipimwa, wote hutazama mzani, hata kama mpimaji ni shemeji yako. Kutazama mzani hakumvunjii heshima mtu mwaminifu; kunamkinga na maneno ya watu.

Mkiyakubali haya leo, mimi nafungua kwa mabati hamsini, na risiti yangu naidai hapa hapa.

 Karibuni tuchange.