Watoto Wasaidie Watoto: Maneno ya Katekista kwa Sikukuu ya Jubilei



Nimeombwa niseme juu ya vijana na watoto wanaokusanya feza na kufunga zawadi kwa ajili ya watoto wa vijiji vya ng'ambo. Hapa Vitshumbi tumezoea kulisikia neno hilo kwa sikio moja tu, sikio la mwenye kupokea. Kartoni ikifika misioni, tunauliza ina nini ndani. Ni mara chache tunauliza nani aliifunga, na feza ya kuijaza aliipata wapi.

Basi tuanze na huyo aliyefunga. Charles de Forbin-Janson, Askofu wa Nancy katika Ufaransa, alikuwa akisikia habari za wamisionari wa China juu ya watoto wachanga waliokufa bila ubatizo na bila msaada. Alikwenda Lyon kumwomba shauri Pauline Jaricot, yule mlei aliyetangazwa Mwenyeheri mwaka 2022. Halafu, mwaka 1843, akaanzisha kazi tunayoiita Utoto Mtakatifu. Hakuanza na matajiri. Aliwaendea watoto, akawaomba Salamu Maria moja kila siku na senti moja kila mwezi. Nadhani watu wazima wa siku zile walicheka. Lakini senti zile zilivuka bahari, hata mwaka 1922 Papa Pio XI akaipa kazi hiyo cheo cha kipapa. Teresia wa Lisieux naye aliandikwa humo akiwa bado mtoto.

Katika Ujerumani, tangu mwaka 1959, kuna desturi ambayo ningependa watoto wetu waijue. Karibu na sikukuu ya Epifania, katika baridi kali ya mwezi wa kwanza, watoto wanavaa kama wale Mamajusi, wanabeba nyota, wanapita nyumba kwa nyumba wakiimba. Juu ya mlango wanaandika kwa chaki herufi C, M na B, yaani kwa Kilatini: Christus mansionem benedicat, Kristu aibariki nyumba hii. Mwenye nyumba anatia kitu katika sanduku lao. Kwa njia hiyo wamekwisha kukusanya zaidi ya euro bilioni 1 kwa watoto wa Afrika, Asia na Amerika ya Kusini. Nayasema haya kwa sababu vijana wetu wengi wanadhani kwamba huko Ulaya feza inaokotwa njiani. Sivyo. Mtoto mmoja aligonga mlango, mikono ikimuuma kwa baridi, na pengine mlango haukufunguliwa.

Juu ya kartoni zenyewe nitasema wazi, na wageni wetu wanisamehe. Mtoto wa huko akifunga zawadi, anaweka kile ambacho yeye mwenyewe angekifurahia: koti la teluji, mchezo unaotaka betri. Moyo ni mwema, lakini jua la ziwa Edouard halina kazi na koti lile. Tena, kuisafirisha kartoni toka bandari ya bahari mpaka Goma, kisha kwa njia ya Rwindi mpaka hapa, kunaweza kugharimu kuliko vitu vilivyomo. Ni afazali itumwe feza, daftari inunuliwe karibu na yule atakayeiandika, na mchuuzi wa soko letu naye apate chakula cha jioni.

Sisi wa Vitshumbi tungepaswa kulielewa jambo hili upesi. Kijiji chetu kimo ndani ya Parke iliyoanzishwa mwaka 1925, nasi haturuhusiwi kulima. Unga, maharagi, ndizi, vyote vinatoka katika mashamba ya wengine. Samaki wetu nao wanapanda magari, wanakwenda kuliwa na watu ambao hawajaliona ziwa hata siku moja. Hapa hakuna nyumba inayoishi kwa jasho lake peke yake. Kwa hiyo silikubali lile neno linalosemwa mara nyingi, kwamba sisi ni watu wa kupokea tu.

Sasa kuna jambo lililowagawanya wazee wetu, wala sitalificha kwa kuwa ni sikukuu. Watoto wa parokia wamechota maji, wamefagia soko, wameuza mikate, na feza wameiweka katika sanduku. Wengine wamesema: bati za kanisa zinavuja, sanduku lifunguliwe. Kweli bati zinavuja, na mvua haingoji mkutano. Lakini feza hii mtoto aliitoa kwa jina la mtoto mwenzake. Tukiichukua, hata kwa ajili ya nyumba ya Mungu, tutakuwa tumemfundisha kwamba mkubwa akiwa na haja, ahadi ya mdogo si kitu.

Mwaka 2024 vita vilifika Rwindi na hapa kwetu. Mwanzoni mwa 2025 makambi ya kandokando ya Goma yalibomolewa, na wengi walirudi katika vijiji vya Rutshuru wakiwa na sufuria na blanketi tu. Watoto wao wako karibu kuliko China. Shauri langu ni hili: sehemu ya sanduku iende kwa Baba Askofu, iingie katika mfuko wa Utoto Mtakatifu wa dunia nzima, ili mtoto wa Vitshumbi ahesabiwe naye kati ya wenye kutoa. Sehemu ya pili inunue daftari na kalamu kwa hao waliorudi.

Mtaniambia ni kidogo. Hata Andrea alisema hivyo juu ya yule kijana wa mikate mitano na samaki wawili. Andrea alikuwa mvuvi, alijua hesabu ya samaki na ya vinywa. Hata hivyo alimpeleka kijana kwa Yezu, hakumwambia arudi nyumbani.

Baada ya Misa watoto watasimama mlangoni na sanduku lao. Ufunguo uko kwa Baba Paroko, na hesabu itasomwa mbele ya wote. Jumamosi tutafunga daftari hapa misioni, kuanzia saa mbili ya asubuhi. Atakayekuja alete kamba. Karatasi za kufungia tunazo.