Gemu Mpya, Fedha Yako: Unanunua Kitu au Unanunua Ruhusa?

(Mada iliyotolewa kwa wazazi, vijana na wafanyabiashara wa kata ya Njoro, Manispaa ya Moshi)



Afisa wa haki za mlaji anapokuja mtaani hutarajiwa aseme juu ya mizani, unga na mitungi ya gesi. Hayo yana siku yake. Leo ninaomba tuzungumze juu ya gemu mpya za mashine za nyumbani, yaani PlayStation, Xbox na Nintendo. Najua wapo wazee watakaotabasamu na kusema kwamba huo ni mchezo wa watoto. Lakini gemu kubwa mpya huuzwa nje kwa dola 70 za Marekani, na mwaka 2025 kampuni ya Nintendo ilipanga bei ya dola 80 kwa gemu yake ya Mario Kart World. Kwa viwango vya ubadilishaji vya miaka hii, dola 70 ni zaidi ya shilingi 150,000. Kwa mwenye kibanda cha gemu huo ni mtaji. Kwa mzazi ni sare, madaftari na viatu vya shule. Mchezo wa watoto unaogharimu kiasi hicho unastahili kuulizwa maswali ya watu wazima.

Habari za gemu mpya hutufikia kwanza kama tangazo. Mfano ulio midomoni mwa vijana wengi ni Grand Theft Auto VI ya kampuni ya Rockstar. Tangazo lake la kwanza la video, Desemba 2023, lilisema gemu itatoka mwaka 2025. Mei 2025 kampuni ikasogeza tarehe hadi 26 Mei 2026, na Novemba 2025 ikaisogeza tena hadi 19 Novemba 2026. Simlaumu mtengenezaji, kazi kubwa huchelewa, na ni heri gemu ichelewe kuliko itoke mbovu. Hoja yangu ni juu ya yule aliyekwishatoa malipo ya awali dukani kwa kuamini tarehe ya kwanza. Fedha yake imelala mikononi mwa mtu mwingine, na mara nyingi hana hata karatasi. Ikiwa ni lazima utangulize fedha, iandikwe: jina la gemu, ni ya mashine ipi, ni diski au ni namba ya kupakulia, bei kamili, na utarejeshewa nini tarehe ikisogezwa. Muuzaji asiyetaka kuandika hayo amekwisha kukujibu.

Baada ya tangazo huja maoni ya wachambuzi, na hapo panahitaji uangalifu wa aina nyingine. Cyberpunk 2077, iliyotengenezwa na CD Projekt ya Poland, ilitoka tarehe 10 Desemba 2020 ikiwa imekwisha kusifiwa sana. Ila wachambuzi waliopewa gemu hiyo mapema walikuwa wamepewa ya kompyuta. Ya PlayStation 4 na Xbox One hawakuwa wamepewa. Wenye mashine hizo walipoifungua, ilikwama, ikazimika na kuonyesha picha zisizokamilika. Tarehe 17 Desemba, wiki moja tu baadaye, Sony iliiondoa katika duka lake la mtandaoni na kuahidi kuwarudishia fedha wanunuzi. Haikurejea dukani humo mpaka Juni 2021. Baadaye ilirekebishwa, na leo wengi wanaisifu kwa haki. Kwa hiyo msomapo au msikiapo sifa, ulizeni kwanza: aliyesifu alichezea mashine ipi? Hapa kwetu PlayStation 4 bado ni nyingi, na sifa za gemu iliyochezwa kwenye PlayStation 5 si ushahidi wa mashine yako. Subira ya wiki tatu haina gharama. Mimi binafsi ninaamini kuliko mchambuzi yeyote neno la kijana anayelinda kibanda, aliyeiona gemu ikichezwa kuanzia asubuhi hadi usiku na watu waliolipa fedha zao.

Kuhusu mpira wa miguu nitasema kwa ufupi, kwa kuwa ndio unaoingiza fedha nyingi vibandani. Kampuni ya EA iliacha kutumia jina la FIFA. FIFA 23 ndiyo ya mwisho, na tangu Septemba 2023 gemu zake huitwa EA Sports FC. Kwa PlayStation 2, ya mwisho kutengenezwa na EA ilikuwa FIFA 14, ya mwaka 2013. Ukiuziwa diski ya PlayStation 2 yenye jalada la msimu huu, jua kwamba ni gemu ya zamani iliyovalishwa jezi na majina mapya na mafundi. Huenda ikakufurahisha, sikatai. Lakini isiuzwe kwa bei wala kwa jina la gemu mpya.

Sasa nifike kwenye jambo lililonileta.

Zamani aliyenunua gemu alinunua kitu. Diski, ambayo wengi wetu huiita CD, iliweza kuazimwa, kuuzwa tena au kurithishwa kwa mdogo wake. Siku hizi mnunuzi mara nyingi hununua ruhusa ya kupakua na kucheza, na ruhusa hiyo imefungwa kwenye akaunti. PlayStation 5 ilipotoka mwaka 2020 ilikuwa na toleo lisilo na tundu la diski kabisa, na PlayStation 5 Pro ya Novemba 2024 haina tundu hilo mpaka ulinunue kando. Baadhi ya gemu za Nintendo Switch 2 huja na kadi ndani ya boksi, lakini ndani ya kadi hamna gemu. Kadi ni ufunguo tu, na gemu yenyewe utaipakua. Gemu kubwa za sasa huzidi gigabaiti 100. Kwa intaneti ya megabiti 10 kwa sekunde isiyokatika, gigabaiti 100 huchukua zaidi ya saa 22. Ongeza gharama ya bando na siku za kukatika umeme, ndipo utaijua bei halisi ya gemu uliyoambiwa ni nafuu kwa sababu haina diski.

Pana na tatizo la mahali tulipo. Tanzania haimo katika orodha ya nchi ambako Sony imefungua rasmi akaunti za PlayStation Network. Kwa hiyo vijana wetu hufungua akaunti wakijiandikisha kana kwamba wanaishi Afrika Kusini, Uingereza au Marekani, kisha hununua vocha kwa mawakala. Vocha ya Uingereza haikubali kwenye akaunti ya Marekani. Na likitokea tatizo, mwenye akaunti yenye anwani isiyo yake hana pa kusimama anapodai.

Linaloumiza zaidi ni mashine inayouzwa “ikiwa na gemu kumi ndani”. Naomba wazazi wanisikilize hapa. Kila akaunti ya PlayStation 4 huweza kuifanya mashine moja kuwa mashine kuu, na yeyote anayetumia mashine hiyo hucheza gemu za akaunti ile. Muuzaji huingiza akaunti yake katika mashine unayonunua, unaziona gemu zote kumi, unafurahi, unalipa. Lakini akaunti imebaki kuwa yake. Nenosiri analo yeye, na huenda ameikodisha kwa mtu mwingine wa Arusha au Dodoma. Siku akiifuta mashine yako, zile gemu zitafungwa kwa alama ya kufuli, nawe utabaki na mashine tupu uliyoilipia kama iliyojaa. Haijaharibika, wala fundi hawezi kukusaidia. Ulichouziwa hakikuwa chako tangu siku ya kwanza.

Kwa mwenye kibanda hasara hiyo ni ya kila siku, kwa kuwa wateja huja kwa sababu ya gemu moja au mbili tu. Kwa sababu hiyo ushauri wangu kwenu wafanyabiashara ni wa kizamani: nunueni diski, hata kama bei yake inazidi. Gemu mpya ya mpira ikitoka Septemba, diski ya msimu uliopita bado ina mnunuzi. Akaunti ya kuazima haina.

Hata ruhusa iliyonunuliwa kwa njia halali ina mwisho wake. The Crew, gemu ya magari ya kampuni ya Ubisoft iliyotoka mwaka 2014, ilitegemea seva za kampuni hata kwa anayecheza peke yake. Seva zilizimwa tarehe 31 Machi 2024, na aliyekuwa na diski yake kabatini hakuweza tena kuicheza. Kwa hiyo someni nyuma ya boksi kama gemu inahitaji intaneti wakati wote.

Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 inamkataza mfanyabiashara kupotosha katika biashara yake, na inataka bidhaa ilingane na maelezo iliyouzwa kwayo. Aliyekwambia “gemu kumi ni zako” huku akijua ni za akaunti yake, amekupotosha. Kibao cha “mali ikiuzwa hairudishwi” hakimpi muuzaji ruhusa ya kudanganya. Anza kwa kumrudia yeye mwenyewe, kwa staha, ukiwa na risiti, picha ya mashine na ujumbe mlioandikiana kwenye simu. Asipokusikiliza, peleka malalamiko hayo kwa maandishi Tume ya Ushindani. Tume hiyo pia inashughulikia bidhaa bandia chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963, zikiwemo pedi zenye nembo ya kughushi.

Desemba ndugu zetu hupanda kutoka Dar es Salaam kuja kula sikukuu nyumbani, na mashine nyingi huingia Moshi wakati huo zikiwa zawadi. Ukipewa au ukiuziwa iliyotumika, iwashe mbele ya aliyekuletea. Fungua sehemu ya mipangilio, kisha usimamizi wa akaunti, na uangalie jina lililomo ni la nani. Mwambie aondoe akaunti yake, halafu ujaribu kufungua gemu. Zitakazofunguka kwa diski iliyo mkononi mwako, au kwa akaunti uliyoifungua mwenyewe, ndizo ulizonunua. Nimeambiwa wapo waliokuja na mashine zao leo. Ziunganisheni kwenye ile televisheni ya mbele, tuziangalie moja baada ya nyingine, na maswali tutayajibu tukiwa tunaziona.