Kikaango Kisichoguswa na Samli



Nimepewa dakika chache nizungumze juu ya chakula cha hekalu. Mimi ni muuza vifaa vya ujenzi hapa Tanga. Jikoni nimeingia nikiwa na umri wa miaka 61, tena kwa kulazimika.

Mjukuu wangu, mtoto wa mwanangu wa kiume, ana mzio wa maziwa. Huniita Dada, ambalo katika Kigujarati ndilo jina la babu mzaa baba, na majirani hawajaacha kutucheka. Daktari alimkataza maziwa, mtindi, siagi, na hata samli, kwa kuwa samli, ijapochujwa vizuri, huweza kubaki na chembe za maziwa. Tafakarini basi mtoto huyo akiletwa hekaluni. Penda ni maziwa, shrikhandi ni mtindi, khiri ni maziwa, na chapati zimepakwa samli. Kwa miaka miwili mama yake alimshika mkono karibu na mlango, wenzake wakigawiwa prasadi.

Diwali moja niliazimu kumkaangia katlesi za viazi. Nilichukua kikaango kilichotumika asubuhi kwa chapati za samli, nikakifuta kwa karatasi, nikadhani kimetakata. Mtoto alikula moja na nusu. Midomo ikavimba, pumzi zikaanza kupiga mluzi. Tulimkimbiza hospitali, na kwa rehema ya Mungu akapona. Mke wangu hakunilaumu hata kwa neno moja. Ingalikuwa nafuu kwangu kama angalinilaumu.

Nilinunua kikaango kipya, nikaanza upya. Katlesi zangu zikavunjika vipande vipande mafutani. Yai hatutumii, na chenga za mkate wa dukani niliziogopa, maana mikate mingine hutiwa maziwa. Aliyeniokoa ni jirani yetu, bibi ambaye kila Ramadhani hutuletea kachori, nasi siku ya Diwali humpelekea sahani yetu. Aliniambia, “Mwanangu, yai kazi yake ni kushika tu. Unga wa muhogo nao hushika.”

Basi hivi ndivyo nifanyavyo. Kilo moja ya viazi vya Lushoto huvichemsha na maganda yake, visinywe maji. Huvimenya vikiwa na moto, kisha huviacha vipoe kabisa kabla ya kuviponda. Hapa ndipo wengi hukosea kwa haraka. Hutia vijiko vitatu vikubwa vya unga wa muhogo, kipande cha tangawizi iliyopondwa, pilipili mbichi mbili, giligilani, maji ya nusu ndimu, na mvuje kidogo sana badala ya vitunguu. Chumvi ni kijiko kimoja kidogo na nusu, kilichosawazishwa kwa kisu. Nasisitiza kipimo hicho kwa sababu chakula cha kutolewa mbele ya Mungu hakionjwi kwanza, na mpishi asiyeonja hana budi kupima.

Hufinyanga vidonge kumi na sita, bapa, unene wa kidole. Anayependa hutia katikati nazi iliyokunwa na karanga zilizopondwa. Hukaanga kwa mafuta machache ya alizeti, dakika nne kila upande, wala sivigeuzi kabla ukoko haujashika. Hulwa kwa chatini ya ukwaju. Siku ya Ekadashi mvuje huuacha, kwa kuwa ule wa dukani mara nyingi huchanganywa na unga wa ngano, na chumvi huwa ya mawe.

Nimepata kuambiwa kwamba sadaka isiyo na samli ina upungufu. Namheshimu aliyesema hivyo. Hakuna asiyejua Krishna alivyopenda siagi, nami mwenyewe sijaacha kunywa chai ya maziwa. Siombi maziwa yaondolewe hekaluni. Ninachoomba ni sinia moja, lisilo na maziwa, lipikwe kwanza kabla samli haijafunguliwa, litolewe mbele ya Mungu pamoja na masinia mengine, na ligawiwe mezani pale pale, si kwenye meza ya pembeni. Mtoto hataki kuonewa huruma. Anataka kupanga foleni. Viazi na mafuta ya mwaka huu wote nitavitoa mimi.

Kikaango chenyewe nimekileta leo. Mpini wake umefungwa uzi mwekundu, nacho kitatundikwa kwenye msumari ulio kando ya dirisha la jiko. Atakayekikuta kimepakwa samli asikifute. Anipigie simu, nitaleta kingine.