Nani kagusa maneno yangu?

Wiki tatu zilizopita bibi mmoja alinipigia simu akiwa amekasirika. Alikuwa ameyasoma mazungumzo yangu katika tovuti ya redio. "Mwanangu," akaniuliza, "tangu lini lawama zikawa habari?" Nikamwomba atazame chini, upo mstari usemao kwamba hayo ni maoni ya mzungumzaji, si ya idhaa. Akasema hauoni. Nikafungua mwenyewe, na kweli haukuwapo, wala chini ya mazungumzo mengine yoyote niliyopata kuandika.

Mstari ule si pambo. Ndio unaotenganisha nisemalo mimi na linalosemwa na chumba cha habari. Nikamfuata kijana anayetutunzia tovuti.

Tovuti yetu, kama nyingi duniani, inaendeshwa na WordPress, programu iliyoanzishwa mwaka 2003 na Matt Mullenweg na Mike Little. Kumbe fundi aliyemtangulia kijana huyu alifungua mafaili ya programu yenyewe, akauandika mstari humo humo. Ulidumu mpaka toleo jipya lilipoingia. Toleo jipya hufuta mafaili ya zamani na kuweka yake, halimwulizi mtu kama alikuwa amechomeka kitu.

"Mzee, dawa ni kulabu ya chujio," akaniambia kijana. Nikamwomba aseme Kiswahili. Akacheka, maana alikuwa amesema Kiswahili.

Diploma yangu ya uandishi wa habari haikufika huko, lakini aliponieleza niliona ni kazi ninayoijua. Makala hukaa ghalani. Msomaji akiiomba, programu huitoa, na kabla ya kumfikishia huipitisha mahali penye jina lake. Kwa maandishi ya makala, jina hilo ni the_content. Hapo ni kama programu huuliza: yupo mwenye la kufanya? Aliyejiandikisha kwa amri ya add_filter hukabidhiwa maandishi, huyarekebisha, huyarudisha, na wa pili huyapokea kama yalivyoachwa na wa kwanza. Foleni hupangwa kwa namba: mwenye 5 humtangulia mwenye 10, na asiyetaja namba huhesabiwa 10. Kule ghalani hakuna kilichoguswa. Na maagizo yetu hukaa katika faili letu la pembeni, ambalo toleo jipya la programu halilifuti.

Kijana akaandika mistari minne, akahifadhi. Vichwa vya makala vikabaki, chini yake patupu! Tovuti nzima haikuwa na makala hata moja.

Alikuwa amesahau kurudisha. Alizoea kulabu za aina ya pili, zile za vitendo, ambazo huitwa tu wakati wake ukifika na hazidaiwi kitu. Ya chujio hudai. Ni sawa na mhariri aliyepokea taarifa ya saa mbili, akaisahihisha kwa kalamu nyekundu, kisha akaondoka nayo mfukoni, na msomaji wa habari amekaa mbele ya maikrofoni mikono mitupu. Jambo hilo limenipata mimi, na sitaki kulisimulia.

Akaongeza neno return, makala zikarudi. Ila sasa mstari ulijitokeza kila mahali, hata chini ya habari ya mahakamani, kana kwamba hukumu nayo ni maoni ya mzungumzaji. Ikabidi aweke sharti: mazungumzo tu, mengine yarudishwe kama yalivyokuja. Akaupa namba 20, uje nyuma ya vichujio vya programu yenyewe.

Hivyo vya programu yenyewe ndivyo vilivyonikosesha usingizi. Tangu toleo la 3.0 la mwaka 2010, kimo kichujio ambacho mwandishi akiandika jina la WordPress kwa p ndogo, hukibadili kuwa P kubwa msomaji asomapo. Mwandishi haulizwi. Wapo waliolalamika wakati ule. Utasema ni herufi moja tu. Sawa. Lakini kwa njia ile ile mtu anaweza kuligeuza neno "ametuhumiwa" likawa "amepatikana na hatia" katika kila makala ya tovuti. Mimi nikifungua makala yangu kuihariri nitayaona maneno yangu yote mahali pake, huku mtuhumiwa na wakili wake wanasoma mengine. Nitaapa kwamba sikuandika, na nitakuwa nasema kweli, lakini nani ataniamini?

Nimemwomba mhariri wetu tuwe na daftari: kila kichujio, kazi yake, aliyekiweka na tarehe. Bado hajajibu. Kijana ameanza bila kusubiri, na tayari amekuta viwili visivyo na mwenyewe.

Yule bibi nimempigia simu. Akafungua ukurasa, akausoma mstari kwa sauti mpaka mwisho, kisha akaniambia kwamba hata kama ni maoni yangu, lawama zenyewe bado hazikubali.