Safari ya Siku Moja Karibu na Nyumbani



Leo twataka kusema nanyi habari ya matembezi ya jamaa: baba, mama, watoto na wazee wa nyumbani, kwenda pamoja mahali palipo karibu na kurudi siku ile ile kabla ya jua kuchwa. Labda mtu atasema, "Jambo hili ni dogo, halina haja ya kusemwa mbele ya watu wengi." Sisi nasi tuliliona dogo kwa miaka mingi, na kwa kuliona dogo tukapoteza kitu ambacho fedha haiwezi kukirudisha. Hiyo ndiyo sababu ya maneno yetu ya leo.

Sisi ni watu wa Tanga mjini. Nyumbani kwetu alikaa shangazi yetu, mtu mzima sana, mzaliwa wa Tongoni, kijiji cha pwani kilicho upande wa kusini wa mji, katika njia iendayo Pangani. Toka Tanga hata huko ni mwendo wa kilomita kama 17, basi. Kila mwaka, masika yakiisha, Shangazi alituambia, "Wanangu, nipelekeni Tongoni nikawaonyeshe wajukuu zangu kwao." Nasi tulimjibu kwa adabu, "Inshallah, Shangazi, tukipata nafasi." Lakini moyoni tulifikiri kwamba matembezi ni kazi ya watu wenye motokaa zao na fedha za kulala hotelini. Nafasi haikupatikana, kwa kuwa hatukuitafuta.

Siku moja mtoto wetu wa pili alirudi kutoka shuleni, akatueleza habari za mapiramidi ya Misri: jinsi yalivyojengwa, na wafalme waliozikwa ndani yake. Tulifurahi sana kwa elimu yake. Kisha Shangazi akamwuliza, "Na Tongoni je, mjukuu wangu? Tongoni ni nini?" Mtoto akajibu bila kusita, "Ni kituo cha basi, Bibi." Sote tulicheka, ila Shangazi hakucheka. Alinyamaza, akaendelea kuchambua mchele wake. Usiku ule tulishauriana, tukasema kwamba Jumamosi itakayofuata tutakwenda, tuwe na fedha tusiwe nazo.

Basi tulikwenda. Tulichukua mihogo ya kuchemsha, samaki wa kukaanga, vitumbua, chupa ya chai na maji ya kunywa ya kututosha wote. Tulipanda basi asubuhi mapema, kabla jua halijawa kali, na kabla watoto hawajaanza kulalamika tulikuwa tumekwisha fika.

Huko tuliona magofu ya msikiti wa kale, uliojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na kibla chake chajulikana hata leo. Kando yake yako makaburi ya mawe, yapata 40, na mengi yao yalijengwa na nguzo ndefu juu yake. Nguzo nyingi zimekwisha anguka. Mji huu ulisitawi katika karne ya 14 na ya 15, wakati miji mingi ya pwani yetu ilipokuwa ikifanya biashara na Waarabu, Waajemi na Wahindi kwa majahazi yaliyokwenda na kurudi kwa pepo za kaskazi na kusi. Hata jina lenyewe lina habari yake, kwa maana wazee husema "tongo" kwa mahali palipokaliwa na watu zamani, kisha pakahamwa.

Mtoto wetu mkubwa tulimpa kazi ya kuhesabu makaburi. Alihesabu mara tatu, akapata hesabu tatu mbalimbali, kwa sababu mengine yamebomoka hata hayajulikani mwanzo wala mwisho. Mdogo wake aliona shimo la mviringo katika nguzo moja, akatia mkono ndani yake, akauliza, "Hapa palikuwa na nini?" Akaambiwa kwamba watu wa kale walikuwa wakipamba nguzo za makaburi kwa mabakuli mazuri ya Kichina, wakiyakaza ndani ya chokaa. Mtoto akauliza tena, "Nani aliyeyachukua?" Hakuna aliyeweza kumjibu kwa jina la mtu. Tulimwambia kwamba watu wengi walipita hapa, kila mmoja akafikiri kwamba kipande kimoja si kitu. Tangu siku ile hatukuwa na haja ya kumkataza asiokote jiwe wala asichore jina lake ukutani. Alikuwa amekwisha fahamu mwenyewe.

Kisha tulisikia habari ya Vasco da Gama, Mreno aliyepita pwani hii mwaka 1498 akienda Bara Hindi. Katika maji ya upande huu merikebu yake moja ilipanda mwamba, ikanasuka maji yalipojaa. Mwaka 1499, akirudi kwao, mabaharia wake wengi walikuwa wamekufa kwa maradhi, na waliobaki hawakutosha kuendesha merikebu zote. Basi akaichoma moto ile moja, nayo ni ile ile iliyokuwa imekwama. Watoto walikaa kimya wakitazama bahari. Habari hii imo katika vitabu, lakini kitabuni bahari ni neno tu. Pale waliiona kwa macho yao, na mikoko yake, na maji yakitoka.

Adhuhuri tulikula chini ya mti, na Shangazi akaanza kusimulia. Alisema jinsi mama yake alivyomleta hapo akiwa mtoto, amebeba chetezo na ubani. Alisema wanawake gani walikuwa wakija kuomba dua, na kaburi gani walilipenda kuliko mengine, na maneno waliyoyasema walipokuwa wakiingia. Alitaja majina ya nyanya zake, mmoja baada ya mmoja, mpaka tukashindwa kuyashika. Mtoto wetu mkubwa alikuwa na daftari la shule, akayaandika. Sisi wakubwa hatukuandika hata neno moja. Tulifikiri kwamba tutayasikia tena.

Ilipokuwa alasiri Shangazi alitaka kutuonyesha kiwanja kilichokuwa na nyumba ya mama yake, upande wa pili wa minazi, alipozaliwa yeye. Lakini miguu yake ilikuwa imechoka, na wakati wa basi umekaribia. Akasema, "Basi, safari nyingine." Nasi tukasema, "Naam, Shangazi, safari nyingine."

Safari nyingine haikuwako. Zilikuja mvua, zikaja ada za shule, ikaja kazi juu ya kazi. Na kabla ya Ramadhani iliyofuata Shangazi alifariki dunia. Mungu amrehemu. Baadaye tulirudi Tongoni, tukawauliza wazee watatu wa kijiji kile mahali ilipokuwa nyumba ya mama yake. Wote walitupokea kwa wema, na kila mmoja alituonyesha mahali pake. Mahali patatu mbalimbali! Mpaka leo hatujui ni papi. Tulicho nacho ni lile daftari la mtoto, na majina saba ndani yake. Wahenga wamesema, "Ngojangoja huumiza matumbo." Sisi twajua sasa kwamba huumiza na moyo pia.

Wasikilizaji wetu, hatukusema haya ili kuwahuzunisha. Twataka mjue kwamba safari ile tuliyoiogopa kwa miaka mingi ilitugharimu nauli ya basi, kiingilio cha mahali penyewe, na bahashishi ya mtu aliyetuongoza. Chakula kilikuwa kile kile ambacho tungalikila nyumbani. Fedha zote hazikufikia zile tulizotumia kwa nguo za sikukuu za mtoto mmoja. Kwa hiyo kilichotuzuia hakikuwa umaskini. Kilichotuzuia ni kufikiri kwamba kitu kilicho karibu hakikimbii.

Sasa na tuwape mashauri machache, tuliyojifunza kwa kufanya.

Kwanza, chagueni mahali pamoja tu kwa siku moja. Siku nyingine tuliwapeleka watoto katika mapango ya Amboni, yaliyo upande wa kaskazini wa Tanga, kilomita kama nane, karibu na njia iendayo Mombasa. Mapango hayo ni ya mawe ya chokaa, nayo yachukuliwa kuwa ya umri wa miaka milioni 150 hivi. Ndani yake mna popo wengi, na mawe yaliyofanyika kwa matone ya maji. Watu husimulia kwamba pango moja lafika hata Mombasa. Lakini wapimaji waliokwenda mwaka 1994 waliona kwamba hata lile refu kabisa halifiki kilomita moja. Watoto walipenda kusikia habari zote mbili, ile ya masimulizi na ile ya vipimo, wakabishana njia nzima. Lau tungalitaka kwenda Amboni na Tongoni siku moja, tungaliona basi tu.

Pili, ulizeni mapema habari ya kiingilio na saa za kufungua. Mahali pengi pa kumbukumbu za kale wenyeji hutozwa kidogo kuliko wageni, na watoto hutozwa kidogo zaidi. Haifai kufika na jamaa nzima mlangoni ndipo mhesabu fedha.

Tatu, ondokeni mapema, chukueni maji mengi na kofia au kanga za kujifunika, na mjue wakati wa kurudi. Mkienda ufukoni, waulizeni wavuvi saa ya maji kujaa, wala msimwache mtoto kuogelea peke yake. Mkienda mapangoni, vaeni viatu vya kufunika mguu, chukueni tochi, mwende na kiongozi anayepajua. Mtu asiingie pango kwa ushujaa wake mwenyewe.

Nne, mpeni kila mtoto kazi. Mmoja ahesabu, mmoja achore, mmoja aulize maswali, mmoja atunze chakula. Mtoto asiye na kazi huchoka upesi, na uchovu wake huwaambukiza wote. Na jioni mkirudi, kila mtu aseme jambo moja aliloliona, pamoja na baba na mama.

Tano, na hili ndilo kubwa kuliko yote: chukueneni na mzee, nanyi andikeni asemayo. Magofu yatangoja kidogo, ingawa bahari na mvua zayala. Lakini mzee ndiye mlango wa kuyaingilia. Pasipo yeye mtaona mawe tu.

Labda ninyi mnaotusikia hamkai Tanga. Haidhuru. Walio Bagamoyo wanayo Kaole, kilomita chache kusini ya mji, penye misikiti na makaburi ya mawe. Walio Mombasa wanayo Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Walio Malindi wanayo Gedi, mji mzima wa mawe ndani ya msitu. Walio Iringa wanayo Isimila, penye zana za mawe za watu wa kale sana, na Kalenga, palipokuwa na boma la Mkwawa. Walio Kondoa wanayo michoro ya miambani ya Kolo, ambayo ulimwengu mzima uliikubali mwaka 2006 kuwa ni urithi wa watu wote. Na kama kijijini kwenu hamna hata kimoja cha namna hii, hakukosi kilima, wala mto, wala mkuyu ambao watu wa zamani walihukumia mashauri chini yake, wala stesheni ya reli ambayo babu alifanya kazi. Ulizeni, "Hapa palikuwa na nini?" kama alivyouliza mtoto wetu. Swali hilo halina nauli.

Na ninyi wanafunzi, msingoje wakubwa. Jioni hii mwulizeni babu au nyanya alizaliwa wapi hasa. Siyo jina la wilaya, bali mahali penyewe, chini ya mti upi, karibu na kisima kipi. Kisha mwambieni baba, kwa adabu, kwamba mwataka kwenda kupaona. Akisema, "Inshallah, tukipata nafasi," mwulizeni kwa upole, "Jumamosi gani, Baba?"