Shujaa Aliyeimbiwa, Shujaa Aliyekiri

Hotuba ya wakili mmoja kwa wanaharakati na waumini waliokutana Malili, Makueni



Nimeombwa nizungumze juu ya uongozi, nami naanza na riwaya ambayo wengi wenu mliisoma shuleni: A Grain of Wheat ya Ngũgĩ wa Thiong'o, iliyochapishwa mwaka 1967. Jina lake latukumbusha ile punje ya ngano katika Injili ya Yohana, isiyozaa mpaka ikubali kufa.

Kisa chatokea kijijini Thabai, siku chache kabla ya Uhuru, Desemba 1963. Wanakijiji wamtaka Mugo awe msemaji mkuu wa sherehe. Huyu alimkinga mwanamke aliyekuwa akipigwa handakini, akateswa kizuizini Rira asifungue kinywa, na sasa watu wanamwimbia. Wasilolijua ni kwamba yeye ndiye aliyemsaliti Kihika, mpiganaji aliyenyongwa na wakoloni. Hakufanya hivyo kwa kuupenda ukoloni. Alitaka tu aachwe alime shamba lake na kujijengea heshima yake, na Kihika alikuwa amemletea mzigo wa watu wote.

Je, huyu ni shujaa? Upo utetezi mmoja ambao mimi kama wakili siukubali, yaani kwamba hakumtakia mtu mabaya, bali alijitafutia amani yake tu. Amani inayonunuliwa kwa shingo ya mwenzako ni hatia.

Lakini tazameni siku ya sherehe. Lawama ilikuwa imeandaliwa imwangukie Karanja, aliyewahi kuwa chifu chini ya wakoloni. Mugo angenyamaza, angeupata uongozi bila jasho, na mtu aliyechukiwa na wote angebeba dhambi isiyo yake. Badala yake akasimama mbele ya umati akasema ni yeye. Hatia yake haikufutika, ila siku hiyo ubinafsi wake ulikufa.

Mlinganisheni na mbunge wa eneo hilo. Gikonyo na wenzake walimwendea awasaidie kupata mkopo wa kununua shamba la mzungu. Akawaambia wasubiri. Wakasubiri, hata wakagundua kwamba shamba limenunuliwa na mbunge mwenyewe. Huyu hakukiri, wala hakuna aliyemhukumu. Hapa Malili, ambako ekari 5,000 za ranchi ziliuzwa kwa Serikali mwaka 2009 kwa ajili ya mji wa Konza, sina haja ya kuwaeleza uzito wa kumkabidhi mtu mmoja ardhi ya wengi.

Ndugu zangu, Mugo alipokiri, wapiganaji walimchukua wakamhukumu faraghani. Bi. Wambui, mmoja wa waamuzi, hakuwa na utulivu moyoni baadaye. Nami simlaumu. Jamii inayomwimbia anyamazaye na kumwangamiza akiriye huwafundisha watu wake wote kunyamaza.

Sisi tulifanya nini? Kifungu cha 2A kilipofutwa Desemba 1991, tuliwapokea kwa vigelegele watu waliokuwa wamekula meza moja na chama kimoja hadi juzi yake. Tuliwauliza wanampinga nani. Hatukuwauliza walikuwa wapi wakati wa mlolongo wa 1988. Mwaka uliofuata FORD ikapasuka, kwa kuwa kila mkubwa alitaka kiti cha urais kiwe chake, na Rais Moi akashinda kwa asilimia 36 hivi ya kura. Vita vya panzi, furaha ya kunguru.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. La kwanza, kila anayetaka kuungwa mkono nasi asimame kanisani au barazani, aseme alifanya nini, ana mali gani na ameipataje. La pili, atakayekiri kosa apewe haki mchana, mbele ya watu, wala asihukumiwe gizani. Na sisi tunaouliza tuwe wa kwanza kujibu.