Haki ya Kuitwa kwa Jina



Tunapozungumza juu ya haki, mara nyingi tunafikiria mashamba, mishahara na mahakama. Leo tutafakari haki isiyotajwa sana: haki ya mtu kuitwa kwa jina lake.

Kijana Doris Miller alizaliwa mwaka 1919 huko Waco, Texas, nchini Marekani, katika familia ya wakulima weusi. Mwaka 1939 alijiunga na Jeshi la Wanamaji. Siku hizo mtu mweusi aliyeingia humo alipewa kazi ya kuwapikia na kuwahudumia maofisa. Hivyo, Wajapani waliposhambulia Pearl Harbor tarehe 7 Desemba 1941, Miller alikuwa akikusanya nguo za kufua katika manowari West Virginia. Aliwabeba majeruhi, akasaidia kumwondoa nahodha aliyejeruhiwa vibaya, kisha akashika bunduki ya rashasha ambayo hakupata kufundishwa kuitumia, akazifyatulia ndege za adui.

Taarifa ya kwanza ilimsifu mtu mweusi fulani tu, bila jina. Magazeti ya Wamarekani weusi yalilidai jina hilo mpaka likatangazwa mwaka 1942. Tarehe 27 Mei mwaka huo Miller alivikwa Nishani ya Msalaba ya Jeshi la Wanamaji, mtu mweusi wa kwanza kuipata. Hata hivyo alibaki mtumishi wa jikoni. Novemba 1943 meli yake Liscome Bay ilizamishwa, na mwili wake haukuonekana kamwe.

Mwaka 2014 ilipitishwa sheria ya kuipa jina lake hospitali ya askari wastaafu mjini Waco. Asiye na kaburi akapata mlango unaomtaja. Jina ubaoni halilipi deni lote, na kuwaheshimu wafu huku tukiwadhulumu walio hai ni unafiki. Lakini jamii isiyotaja majina ya watumishi wake hujifunza kuwatumia watu na kuwasahau.

Nasi je? Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariakor ya Nairobi zimepata majina yao kutokana na kikosi cha wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza. Maelfu yao walikufa kwa maradhi na njaa. Tunawajua wangapi kwa jina?

Basi, turudipo katika jumuiya zetu, tuwaulize wazee majina ya wapagazi na askari wa koo zetu, tuyaandike. Siku zahanati au shule mpya itakapotafutiwa jina, tusiende kikaoni mikono mitupu.